Uyoga wa rafu kwenye mti usiotarajiwa: namna ya kuutambua na kuuandikia rekodi

Uyoga wa rafu ni ule unaochomoza ubavuni mwa shina au tawi, aghalabu mgumu na usio na kikonyo, na upande wake wa chini una vitundu vidogo vidogo badala ya vikunjo vya uyoga tuliouzoea. Spishi nyingi za kundi hili zina miti ziipendayo. Fomitopsis betulina huota kwenye betula, na ni nadra mno kuikuta kwingine. Fistulina hepatica ni ya miti ya mialoni na chesnati. Phaeolus schweinitzii hupenda misonobari na jamaa zake. Kwa hiyo mtu akikuta mojawapo kwenye mti ambao vitabu haviutaji, yamkini limetokea moja kati ya mambo manne: amekosea mti, amekosea kuvu (kiumbe chenyewe kinachoishi ndani ya mbao na kutoa uyoga), amekuta spishi iliyojificha ndani ya jina la spishi nyingine, au kweli ameona jambo ambalo halijaandikwa. Hatua zinazofuata ni za kutenganisha mambo hayo manne.

Ninaloshikilia ni hili: mti upewe ushahidi wa uzito uleule wa kuvu. Rekodi nyingi za aina hii zina picha nzuri za uyoga kutoka kila upande, kisha kuhusu mti kuna neno moja tu. Rekodi hiyo haifai, maana kinachoifanya iwe ya pekee ni huo mti wenyewe.

Beba kisu kikali, msumeno mdogo wa kukunja, lenzi ya kukuza mara 10, rula yenye milimita, bahasha za karatasi, penseli na simu yenye GPS. Kama uko kwenye hifadhi au shamba la mtu, omba kibali kabla ya kukata chochote.

Hatua ya 1: Hakikisha uyoga unatoka kwenye mti unaoudhania

Usiusogelee uyoga moja kwa moja. Simama mbali kidogo uutazame mti wote, kutoka mizizi hadi matawi ya juu. Tazama juu kwa sababu ya usalama pia: mti wenye uyoga wa rafu una mbao zinazooza ndani, na tawi kavu huanguka bila taarifa. Siku ya upepo mkali, acha.

Sasa uliza: uyoga umeshikia wapi hasa? Ulio juu ya shina hauna shaka sana. Tatizo lipo kwenye ule wa chini kabisa, unaotoka kwenye udongo mita moja au mbili kutoka shinani. Huo unatoka kwenye mzizi, na mzizi huo unaweza kuwa wa mti wa jirani, au wa kisiki kilichofukiwa miaka mingi iliyopita mti mwingine ulipopandwa palepale. Fukua kidogo kwa vidole, ufuate msingi wa uyoga hadi ukutane na mbao, kisha ufuate mbao hizo kuelekea shina. Usipofanikiwa, andika “kwenye udongo, karibu na” mti fulani, wala usiandike “kwenye” mti huo. Maneno hayo mawili yana uzito tofauti kabisa kwa atakayeisoma rekodi.

Mitego mingine mitatu hunasa hata watu wazoefu. Kuna aina za mitini (Ficus) zinazoanza maisha juu ya mti mwingine, zikashusha mizizi na kuuzunguka hadi mti wa ndani usionekane. Rafu inayochungulia katikati ya mizizi hiyo mara nyingi inakula maiti ya mti wa ndani, wala si mtini. Kuna mimea inayotambaa, yenye mashina manene yaliyobanana na gome, nayo huota uyoga wake yenyewe. Na kuna miti ya kubebesha, ambayo sehemu ya chini ni spishi moja na ya juu ni nyingine. Miti mingi ya matunda na ya mapambo iko hivyo. Ukiona rafu chini ya mahali palipounganishwa, majani ya juu hayakuambii kitu kuhusu mbao zinazoliwa. Tafuta mshono, mara nyingi gome hubadilika ghafla au shina huvimba hapo, kisha upime urefu wa rafu kutoka ardhini na urefu wa mshono, na uandike vyote viwili.

Hatua ya 2: Utambue mti kana kwamba uyoga haupo

Mti ukiwa hai, kusanya ushahidi wa kawaida wa botania: jani juu na chini, namna majani yalivyokaa kitawini (yakitazamana au yakipishana), machipukizi, ua au tunda kama lipo, gome kwenye shina na kwenye tawi changa, rangi ya utomvu ukikwaruza kidogo. Chukua kitawi chenye majani ukibane ndani ya karatasi kikauke. Majani yaliyotapakaa chini usiyategemee, kwa kuwa upepo haujui mipaka ya miti. Majani ya ushahidi ni yaliyoshikana na tawi ulilolifuata kwa macho hadi kwenye shina lenye uyoga.

Mti uliokufa ndio mgumu, na kwa bahati mbaya ndio wenye uyoga mwingi. Anza na kinachobaki muda mrefu zaidi, yaani mbao. Kata kipande kidogo kisichooza, ulainishe ncha yake kwa kisu kikali hadi ing'ae, kisha uitazame kwa lenzi kwenye ule upande wenye pete. Miti ya majani mapana karibu yote itaonyesha matundu ya mishipa ya maji, mengine makubwa ya kuonekana bila lenzi. Misonobari, mierezi na jamaa zao hawana matundu hayo. Mbao zao ni laini na zenye mpangilio mmoja, ingawa msonobari huwa na vijitundu vichache vya utomvu unaonata. Kipimo hiki kimoja kinakuambia uko upande gani wa mgawanyiko mkubwa kuliko yote, na kinaweza kuokoa au kuua dai lako papo hapo. Mtu anayesema amekuta kuvu wa misonobari kwenye mti wa majani mapana, lazima aweze kuonyesha matundu.

Baada ya mbao, tafuta gome lililobaki kwenye mikono ya matawi, maganda ya matunda yaliyonasa, na machipukizi yanayotoka kisikini. Angalia pia miti hai iliyopandwa kwenye mstari mmoja na huo uliokufa. Huo ni ushahidi dhaifu, lakini uandike kama ulivyo: “mstari wa miti ya spishi ileile.” Kama mwishoni una jina la jenasi tu, yaani kundi la spishi za karibu, andika jenasi. “Prunus” iliyothibitika ina thamani kuliko jina kamili la kubahatisha.

Nguzo, uzio na mbao za ujenzi ziandikwe hivyo waziwazi, kwani huenda zilisafiri kutoka mbali na kuvu ikiwa tayari ndani.

Hatua ya 3: Piga picha kabla ya kugusa

Piga mti mzima. Piga sehemu ya shina ambapo uyoga na gome vinaonekana pamoja katika picha moja, maana hiyo ndiyo picha inayounganisha mashahidi wawili. Piga rafu kutoka juu, kutoka ubavuni, na upande wa chini ukiwa na rula kando ya vitundu. Kwa upande wa chini, laza simu chini ya rafu ikitazama juu. Usiing'oe rafu kwa ajili ya picha.

Ukiwa hapo, tazama rafu imeelekea wapi. Vitundu lazima vitazame chini ili spora, chembe za uzazi wa kuvu, zianguke, na kuvu hulitii sharti hilo maisha yake yote. Kwenye gogo lililolala, ukiona rafu za zamani zimesimama wima na vitundu vinatazama pembeni, jua ziliota mti ukiwa bado umesimama. Zilizoota baada ya mti kuanguka zitakuwa sambamba na ardhi, na wakati mwingine utaikuta rafu moja yenye vyote viwili: sehemu ya zamani imeinama, na ukingo mpya umejikunja kuifuata ardhi mpya. Iandike habari hiyo. Kuvu iliyoingia kwenye mti uliosimama, pengine ukiwa hai, inasema jambo zito zaidi kuhusu uhusiano wake na mti huo kuliko iliyokuja kula gogo.

Hatua ya 4: Kata kipande, acha mengine

Zikiwa rafu nyingi, chukua moja iliyokomaa yenye ukingo mpya. Ikiwa ni moja tu na ni ya miaka mingi, kata kipembe kutoka ukingoni hadi kwenye msingi, na uiache iliyobaki iendelee. Kipembe kikifika kwenye msingi kinatosha, kwa kuwa kina ganda la juu, nyama, tabaka za mirija (ambayo midomo yake ndiyo vitundu) na vitundu vyenyewe. Kipande cha ukingoni tu hakitoshi. Weka kwenye karatasi, kamwe usiweke kwenye mfuko wa plastiki, ambamo hutoa jasho na kuota ukungu kabla hujafika nyumbani. Andika namba kwa penseli kwenye bahasha na namba hiyohiyo kwenye daftari, palepale.

Hatua ya 5: Usome uyoga bila kumsikiliza mti

Hapa ndipo nidhamu inapohitajika. Funika jina la mti akilini na uandike unachokiona: rangi ya juu na ya ndani, unene wa nyama, kama ganda linabonyea ukilikandamiza kwa kidole gumba, kama mirija ina tabaka moja au nyingi, umbo la vitundu (duara, pembe, njia zilizopindapinda), na idadi yake kwa milimita. Idadi hiyo ihesabiwe kwa rula chini ya lenzi, sehemu kadhaa za rafu, si mara moja. Fomes fomentarius ina vitundu takriban 2 hadi 4 kwa milimita. Ganoderma applanatum hufika 4 hadi 6. Tofauti hiyo inaonekana kwa lenzi ya kawaida.

Kama hakuna vitundu kabisa, rudi nyuma. Stereum ina upande wa chini laini kabisa. Schizophyllum commune, inayoota kwenye miti isiyohesabika duniani kote, ina vikunjo vilivyopasuka kati. Kwa upande mwingine, Trametes betulina ina vikunjo kabisa machoni, na bado ni ndugu wa uyoga wenye vitundu.

Nitakaa kidogo kwenye Ganoderma, kwa sababu rekodi nyingi za miti ya ajabu huangukia hapo. Ganoderma applanatum na Ganoderma adspersum hufanana mno: rafu pana, kahawia juu, nyeupe chini, na upande wa chini ukiukwaruza hugeuka kahawia. Zote humwaga spora za rangi ya kakao nyingi kiasi kwamba rafu yenyewe, gome na majani ya chini hufunikwa na unga. Kwa hiyo chapa ya spora, yaani unga wa kuonyesha rangi yake na wa kupima, tayari ipo, huhitaji kuitengeneza. Tofauti zimo ndani. Ganda la applanatum ni jembamba na mara nyingi hubonyea, na nyama yake huwa na michirizi au madoa meupe. Ganda la adspersum ni nene na gumu, na nyama yake ni ya kahawia iliyoiva bila meupe hayo. Chini ya hadubini, spora za applanatum kwa kawaida hazifiki mikromita 9 kwa urefu, ilhali nyingi za adspersum huvuka hapo. Pima spora zisizopungua 20. Huko Ulaya kuna msaada mwingine: ukikuta upande wa chini umejaa vinundu vilivyochongoka, vingine vimetoboka nchani, hayo ni makazi ya mabuu ya nzi Agathomyia wankowiczii, anayejenga kwenye Ganoderma applanatum. Nzi huyo anaitambua kuvu yake kuliko wengi wetu.

Uyoga ukiwa na nyama ya kahawia ya kutu, tumia tone la haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 5. Nyama ya familia ya Hymenochaetaceae (Phellinus, Inonotus na jamaa) hugeuka nyeusi mara moja na kubaki hivyo. Hapalopilus rutilans, ambayo ni sumu, hugeuka zambarau iliyokolea. Fanya kipimo hiki kwenye kipande ulichokikata, ukiwa umevaa glavu na miwani, kwani dawa hiyo huunguza ngozi na macho.

Hatua ya 6: Uangalie uozo

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa kipimo bora cha bei ya bure. Kuvu nyingi za rafu ama huozesha kwa uozo mweupe, ambao mbao hubaki nyeupe, laini, zenye nyuzinyuzi, au kwa uozo wa kahawia, ambao mbao hukauka, hupasuka vipande vya pembe nne na kusagika vidoleni. Ganoderma, Fomes, Trametes, Phellinus na Inonotus ni wa uozo mweupe. Laetiporus, Fomitopsis, Phaeolus, Fistulina na Daedalea ni wa uozo wa kahawia. Kama umeamua ni Laetiporus na mbao zilizo nyuma ya rafu zina nyuzi nyeupe laini, kuna jambo haliko sawa. Huenda jina lako si sahihi, au kuvu ya pili imo ndani ya mti huohuo.

Hilo la pili hutokea. Kuna kuvu zinazofuata nyayo za nyingine: Pycnoporellus fulgens hupatikana sana kwenye mbao ambazo Fomitopsis pinicola imekwisha kuzilainisha. Basi andika kila uyoga mwingine ulioko kwenye gogo hilo, hata mzee, hata mfu.

Hatua ya 7: Sasa mrudishe mti mezani

Ukiwa na majina mawili yaliyopatikana kila moja kwa njia yake, yalinganishe. Jihadhari na mzunguko. Kundi la Phellinus igniarius lina spishi ambazo vitabu huzitenganisha kwa msaada mkubwa wa mti: P. pomaceus kwenye Prunus (jamii ya plamu na cheri), P. tremulae kwenye Populus (jamii ya mipopla). Ukimwita uyoga P. pomaceus kwa sababu tu mti ni Prunus, rekodi yako haiwezi kutumika tena kuthibitisha kwamba P. pomaceus huota kwenye Prunus. Na uyoga wa kundi hilo ukiota kwenye mti usiozoeleka, ufunguo wa kitabu (maswali ya hatua kwa hatua ya kutambua spishi) utakupeleka kwenye jina lisilo lake bila kukuonya.

Laetiporus inafundisha upande wa pili. Kwa miaka mingi kila rafu ya njano na chungwa ya namna ile iliitwa L. sulphureus, iwe kwenye mwaloni au kwenye msonobari. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitenganisha spishi kadhaa za Amerika Kaskazini, na miti ilikuwa sehemu ya ushahidi: L. conifericola kwenye miti ya jamii ya misonobari ya magharibi, L. huroniensis kwenye ile ya eneo la Maziwa Makuu, L. gilbertsonii kwenye mialoni na mikaratusi. Rekodi za “mti wa ajabu” zilikuwa zinaonyesha spishi tofauti muda wote huo. Ndiyo maana sipendi mtu afute rekodi yake eti kwa sababu mti haumo kitabuni.

Lipime pia dai lenyewe. Gogo lililooza sana hupokea kuvu wengi wasio na uchaguzi, kwa hiyo mshangao wake ni mdogo kuliko wa mti hai. Mti wa kigeni uliopandwa mbali na kwao hukutana na kuvu ambazo hazijawahi kuuona, na huko mambo mapya ni ya kutarajiwa. Na kuna kuvu ambazo hazichagui: Phellinus noxius wa nchi za joto anajulikana kushambulia mizizi ya spishi zaidi ya 200 za mimea, kuanzia mpira hadi kakao, na kumwona kwenye mti mwingine tena ni habari ya kumpa mwenye shamba haraka kuliko ya kujivunia.

Hatua ya 8: Andika rekodi

Huu ni mfano wa kubuni, kuonyesha kiasi cha maelezo ninachokitaka:

“Na. 14. Ganoderma cf. adspersum. Rafu 3, kubwa ina sm 31 kwa upana. Kwenye Araucaria heterophylla hai, shina, sm 40 juu ya ardhi, kwenye kovu la tawi lililokatwa. Mti umetambuliwa kwa matawi na majani (picha 2–5, kitawi kimekaushwa). Uozo mweupe. Ganda gumu, nyama bila meupe, spora 20 zimepimwa. Hakuna uyoga mwingine. Sampuli imehifadhiwa. GPS, kosa mita 6.”

Ongeza tarehe, jina la aliyetambua kuvu na la aliyetambua mti, hata kama ni mtu mmoja. Herufi “cf.” zinasema “inafanana na, lakini ilinganishwe”, na hakuna aibu kuzitumia. Andika pia jina la kitabu au ufunguo ulioufuata, kwa sababu majina hubadilika: Fomitopsis betulina ya leo ndiyo Piptoporus betulinus ya vitabu vya zamani.

Ukiweka kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kuandikia viumbe walivyoviona, fungua rekodi mbili, moja ya kuvu na moja ya mti, kila moja na picha zake, kisha weka kiungo cha moja ndani ya nyingine. Hivyo wajuzi wa miti, ambao hawafungui kurasa za uyoga, watauona mti na kuuhakiki.

Hatua ya 9: Hifadhi sampuli, na ukubali kubishiwa

Kausha kipande kwa joto la takriban sentigredi 40, chenye hewa inayopita, hadi kiwe kikavu kabisa. Joto kali zaidi huharibu DNA. Kisha kiweke kwenye mfuko uliofungwa ndani ya friza kwa wiki moja au zaidi kuua mende wanaokula uyoga mkavu, maana wadudu hao wanaweza kuufanya unga mkusanyo wote. Kitawi cha mti na kipande cha mbao vikae kwenye bahasha moja na kuvu, vikiwa na namba ileile. Kama kuna herbaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea) inayopokea kuvu, wape. Kama kuna maabara iliyo tayari, waombe wasome sehemu ya DNA iitwayo ITS, iliyopendekezwa mwaka 2012 kuwa alama ya jumla ya kutambulisha kuvu. Kwa Ganoderma na Fomitopsis, ITS peke yake wakati mwingine haitoshi, hivyo usitupe kipande kilichobaki.

Mtu akikubishia, muulize anabisha lipi kati ya mawili: mti au kuvu. Kisha mpe ushahidi wa hilo tu. Ukikubali alichosema, badilisha jina lakini liache la zamani likionekana pamoja na tarehe ya mabadiliko na sababu yake, na bahasha irudi kwenye sanduku na namba yake ya kwanza.